Tulivyoingia Mjini Tukiimba

Matanga ya Otim yalikuwa nyumbani kwake Mbuya, Kampala, kwenye mteremko ule unaotazama Nakawa, na kama ilivyo kwa mtu aliyependwa, watu walilia kwanza, kisha wakaanza kucheka. Turubai lilikuwa limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, wanawake wanakoroga posho, ugali wetu wa mahindi, nyuma ya nyumba, na sisi wazee (ndiyo, siku hizi naitwa mzee, na bado sijazoea) tukakalishwa mbele karibu na spika. Mtoto wake mkubwa akanijia na maikrofoni. "Mzee Rajabu, tuambie ile ya baiskeli," akasema, na watu wakapiga makofi kabla hata sijainuka. Ile ya baiskeli kila mtu aliijua. Otim aliisimulia harusini, Krismasi, hata hospitalini alipokuwa amelazwa: jinsi sisi vijana tuliokulia kambi ya jeshi tulivyoingia kwenye kituo kimoja cha biashara tukiimba, watu wote wakatimua mbio, wakatuachia chai jikoni na mandazi mezani, tukala kama mabwana harusi. Aliiga mbio zenyewe. Aliiga mwanamume aliyekimbia na povu la sabuni shavuni, kinyozi akimfuata na kiwembe mkononi. Alikuwa fundi wa kuiga, Mungu amrehemu, na hata mimi nilikuwa nikicheka. Siku hiyo nilishika maikrofoni, nikawatazama watu. Kule nyuma kabisa nilimwona Kasule, wa tatu wetu katika safari ile, amekaa peke yake, mikono mapajani, ananitazama. Kasule hakuwahi kuicheka hadithi ile, kwa sababu alijua inavyoendelea baada ya mandazi. Nikasema tu kwamba Otim alikuwa ndugu yangu, nikarudisha maikrofoni, nikakaa. Watu walidhani ni majonzi. Wallahi haikuwa majonzi, ilikuwa aibu, na aibu hiyo ina umri mkubwa kuliko yule kijana aliyenipa maikrofoni.

Ulikuwa mwaka tuliomaliza sekondari, tukawa tunasubiri matokeo na hatuna la kufanya. Vita vya msituni, vya jeshi la serikali na waasi, vilikuwa vimekwisha miaka michache nyuma, na kwetu sisi vijana neno "vimekwisha" lilimaanisha vimekwisha, basi, kama mvua ikikatika. Nilishinda kwa kina Otim kuliko nilivyoshinda kwetu. Baba yake alikuwa mpishi wa jeshi, amepika chini ya serikali zaidi ya moja, na alipewa chumba kimoja pale kambini, kirefu kama ghala, kilichokatwa katikati kwa shuka la maua. Upande wa mlangoni palikuwa na meza, redio, na masufuria makubwa ajabu ambayo sina hakika yalikuwa yake. Upande wa ndani vitanda. Sisi tulikaa kitandani, tukila maharage na posho iliyokatwa kwa uzi, na Jumapili wazee walikuja kukaa mezani na chupa yao ya waragi, wakisahau kwamba shuka halizuii sauti. Ndivyo nilivyosikia mengi. Nilisikia nani ameachwa na mke, nani amehamishwa Moroto. Siku moja nilisikia sauti ya mgeni mmoja, simjui jina mpaka leo, akizungumzia sehemu za barabara ya Bombo wakati wa vita. "Kule ilikuwa raha," alisema, na wakati huo kwenye vijiji vile Kiswahili kilikuwa lugha ya askari tu. "Wewe unakohoa tu Kiswahili, mama anaacha chungu jikoni. Unakuta kuku ameiva." Wazee wakacheka. Baba yake Otim hakucheka, nilimsikia akisogeza kiti, akasema, "Watoto wako ndani." Na sisi watoto, kule ndani, tulikuwa tumezibana pua tusicheke kwa sauti. Hilo ndilo linaloniuma nikilikumbuka: tulilielewa kila neno, na tukaona ni kichekesho.

Wazo la safari lilikuwa la Kasule. Mama yake aliuza nyanya soko la Nakawa, nao walipanga chumba nje tu ya ukuta wa kambi, na tangu utotoni alicheza na sisi hadi Kiswahili chake kikawa cha kambini kabisa. Luganda chake alikiacha mlangoni kwao kama viatu. Alikuwa na shangazi Nakasongola, na alisema tukienda kwa baiskeli tutakula samaki wa ziwani mpaka tuchoke. Tulikuwa na baiskeli zile nyeusi, nzito, za kubebea matoke. Yangu ilikuwa ya baba, ina keria pana nyuma iliyofungwa mto wa sifongo. Tulifanya mazoezi kwa kupanda kilima cha Kyambogo na kushuka, tena na tena, huku wanafunzi wa chuo wakituuliza kama tumerogwa. Na tulipochoka tuliimba mchakamchaka. Mtu aliyekulia kambini hahitaji kufundishwa mchakamchaka. Alfajiri unaamka nao, askari wanapita wakikimbia, mmoja anaita na wengine wanaitikia, na mguu unakwenda wenyewe. Otim ndiye aliyekuwa mwimbishaji wetu. "Kilima!" anaita. "Tupande!" tunajibu. "Adui!" "Yuko wapi?" Tena kuna kanuni moja kila mtoto wa kambi anaijua: mkikaribia nyumba za watu, sauti inapanda. Askari wakipita mbele ya makazi hawaimbi kinyonge, wanataka wake zao wasikie. Sisi tulikuwa tukikaribia hata kibanda cha muuza ndizi tunapaza sauti, na watu wa Kampala walizoea, walitupungia mikono.

Tulilala Bombo kwa mjomba wangu, kwa Wanubi wenzangu, ambako tulishindiliwa gurusa, ile mikate yetu myembamba, na mchuzi wa bamia, hadi Otim akatangaza kwamba anasilimu. Hapo Bombo napo tuliimba asubuhi wakati wa kuondoka, na watoto wakatufuata wakiitikia. Tulipita Wobulenzi, barabara ikawa nyekundu, nyumba zikaanza kupungua, na zile zilizokuwapo nyingine hazikuwa na paa. Niliziona. Niliona migomba imeota ndani ya ukuta, mahali palipokuwa sebule. Nikasema, "Hapa watu walihama," na nikaendelea kukanyaga pedali. Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande tairi la Kasule lilipopata pancha. Akatuambia twende mbele tukaagize chai, yeye atabandika kiraka atufuate. Mimi na Otim tukaondoka. Mbele, juu ya kilima kidogo, tuliona mabati ya kituo cha biashara, na Otim, kwa njaa na furaha, akaanza: "Kilima!" Nikaitikia kwa nguvu zote. Tulivyozidi kukaribia ndivyo sauti ilivyopanda, kama tulivyofunzwa bila kufunzwa.

Sitakitaja jina kituo hicho, wenyewe wapo. Kilikuwa na safu mbili za maduka na mti wa mvule katikati. Kwa mbali niliona watu wakisimama. Halafu sikuona tena watu. Otim yeye aliona zaidi, ndiyo maana aliweza kuiga. Mimi nilisikia tu viti vikianguka, sufuria likilia, na mlango ukigonga. Tulipofika, palikuwa kimya kabisa isipokuwa redio moja iliyokuwa ikitangaza vifo, kwa sauti ile ya taratibu. Kiti cha kinyozi kilikuwa kimelala. Kwenye kibanda cha chai maji yalikuwa yanatokota. "Sasa watu iko wapi?" Otim akauliza, akacheka, nami nikacheka. Tulidhani labda kuna mkutano, labda mazishi. "Wamekwenda mazishi na wameacha chai," akasema, "sisi tutawangojea." Akamimina vikombe viwili. Mandazi yalikuwa kwenye beseni, yamefunikwa kitambaa safi. Tukakaa, tukala. Hapo ndipo Otim alipozoea kuishia, na watu wakashika mbavu.

Nilikuwa na ndazi mdomoni niliposikia mtu anapumua. Nyuma ya kibanda, kwenye mkeka, alikuwa ameketi bibi kizee, mguu mmoja umenyooka mbele yake kama wa mbao, goti limevimba. Asingeweza kukimbia. Alitutazama tukimtazama, kisha akaanza kujivuta kwa mikono, akaja hadi karibu na miguu yangu, akainamisha kichwa chini. "Kuku iko kule, afande," akasema. "Chukua. Mimi mzee. Hapana piga." Nilikuwa kijana ambaye hata ndevu hazijatimia. Nikasema, "Jaja, bibi, hapana, sisi si askari," nami nikaona jinsi alivyozidi kujikunja kila nilipoongeza neno. "Ndiyo, afande. Hakuna bunduki hapa. Hakuna mtu. Chukua kuku." Nikajaribu Luganda changu cha sokoni, ambacho kilikuwa cha salamu na bei za nyanya, nikachanganya, nikarudi kwenye Kiswahili. Alikuwa anajua Kiswahili. Nilichukua muda kuelewa ni Kiswahili gani: chote kilikuwa cha kuomba. Toa, chukua, lala chini, hapana piga, mimi mzee. Hakujua kusema habari za asubuhi. Hakuna aliyewahi kumwambia habari za asubuhi kwa lugha hiyo. Otim alikirudisha kikombe mezani, chai haijaisha.

Kasule alitufikia akisukuma baiskeli, tairi limekataa kiraka. Akaona viti, akamwona bibi chini, akatuona sisi na mandazi. "Mlikuwa mnaimba nini?" akauliza. "Nimewasikia toka kule chini. Mlikuwa mnaimba nini, ninyi?" Akatupa baiskeli yake, akapiga magoti mbele ya bibi na kumwambia kwa Luganda mambo ambayo sikuyafuata yote, ila nilisikia jina la ukoo wake, na jina la kijiji cha babu yake, na neno "watoto" mara nyingi huku akituonyesha kidole. Kisha akaenda ukingoni mwa migomba, akaita kwa sauti. Polepole watu wakatokea. Yule mwenye povu alitokea likiwa limekauka shavuni. Mama mwenye kibanda alitokea, akautazama mkeka, akamtazama bibi, akauliza swali moja fupi, na bibi akaweka mikono kichwani. Nikamuuliza Kasule kuna nini. "Mjukuu wake," akasema bila kunitazama. "Ana miaka minane hivi. Amekimbilia bwawani. Wote wamerudi, yeye bado."

Chini ya kile kilima palikuwa na bwawa la mafunjo, na mvua ya wiki hiyo ilikuwa imejaza maji. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu, aliwagawa wanaume, akampa Kasule nafasi mstari wa mbele. Mimi na Otim tukasimama tuwafuate, akatuzuia kwa kiganja. Alikijua Kiswahili kizuri, alikuwa ameishi Mombasa. "Ninyi vijana mtakaa hapa barazani," akasema, bila ukali hata kidogo, na afadhali angetupiga kofi. "Hamtatembea na hamtasema. Si kwa ubaya. Mtoto akisikia sauti yenu ataingia maji ya kina." Basi tukakaa. Yarabi, mimi nimekaa polisi, nimekaa mbele ya wakwe, lakini sijawahi kukaa kama nilivyokaa kwenye ile baraza. Watoto wengine walitutazama kutoka nyuma ya nguo za mama zao. Tulisikia wanaume kule chini wakiita, wakimwita kwa jina lake la shule, wakimwambia hakuna askari, toka. Sauti ya Kasule niliitambua miongoni mwao. Jua likateremka hadi kwenye mabati, na hakuna kilichojibu.

Bibi alikuwa akisema jambo lile lile tena na tena, na wanawake walikuwa wakimtuliza. Hatimaye mama mwenye kibanda alikuja mbele yetu. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, na changu siku hiyo kilikuwa kidogo zaidi, lakini tulielewana. Alisema hao wanaume wanajisumbua. Mtoto yule alizaliwa wakati wa vita, mama yake alikufa humo, na bibi ndiye aliyemficha katika bwawa hilo hilo akiwa mchanga, kisha akamfunza alipopata akili. Amemfunza hivi: hata jirani akikuita, usitoke. Hata mjomba akikuita. Maana wakati ule walikuwa wanamkamata jirani yako, wanamshikia bunduki mgongoni, na wanamwambia ita watu watoke. Basi walikubaliana jina, bibi na mtoto, jina la ndani ambalo hakuna mwingine anayelijua. Akilisikia hilo, kwa sauti ya bibi, atatoka. "Lakini mguu," akasema yule mama, na akautazama mguu wa bibi, kisha akaitazama baiskeli yangu iliyoegemea nguzo, na ile keria pana yenye mto. Wanaume wote walikuwa bwawani. Baiskeli ya Kasule haikuwa na upepo, na ya Otim haikuwa na keria. Otim akanishika mkono akaninong'oneza, "Tumeambiwa tusitembee." Yule mama akasikia Kiswahili, akanyoosha kidole mbele ya mdomo wangu, karibu kabisa. "Wewe utasukuma," akasema. "Mdomo, hapana."

Tulimpandisha bibi kwenye keria, kwa upande, mguu mbaya ukining'inia. Alikuwa mwepesi kuliko gunia la mkaa. Njia ilikuwa inateremka na ina mizizi, na kila tairi liliporuka alilazimika kunishika shati, kisha akaliachia, kisha akalishika tena. Nilitaka kumwambia pole, jaja. Neno moja tu, pole, lakini ni neno la lugha ile ile, nikalimeza. Tulipofika mahali mafunjo yanapoanza, akanigonga begani nisimame. Hapakuwa na mtu karibu, sauti za wanaume zilikuwa ng'ambo. Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. Akanyanyua mikono yake miwili, akaziba masikio yake kwa viganja, akanielekezea kidole.

Sikuelewa mara moja. Akarudia, akaziba masikio, akanionyesha. Nikaelewa, na uso ukaniwaka moto mpaka machozi yakanitoka. Hakutaka nilisikie jina. Nikilisikia, halifai tena. Siku nyingine naweza kurudi nalo, au nikawapa wengine kama mimi, na mtoto akatoka. Niliiegemeza baiskeli kiunoni isianguke, nikaingiza vidole masikioni hadi vikauma, nikageuza uso upande wa barabara, nikafumba na macho kwa nyongeza. Nilisikia damu ikipiga kichwani. Nilihisi kifua cha bibi kikijaa pumzi nyuma yangu, mara moja, kisha tena, kisha tena. Kisha baiskeli ikatikisika.

Nilipofungua macho mtoto alikuwa amemkumbatia bibi pale pale kwenye keria, amelowa hadi shingoni, matope yamemjaa nywele, na halii. Hakuwa analia hata kidogo. Bibi alikuwa amemshika kichwa kwa mkono mmoja, na mkono wa pili amemziba mdomo. "Asante, afande," akaniambia. Nikatikisa kichwa, nikajigonga kifuani, nikaonyesha mikono yangu mitupu, nikaonyesha baiskeli. "Ndiyo, afande," akasema. "Asante." Nikawasukuma wote wawili kupanda kilima, na kila nilipogeuka kuangalia kama wamekaa vizuri niliyaona macho ya yule mtoto juu ya kiganja cha bibi yake, yananitazama bila kupepesa, na kile kiganja hakikuondoka mdomoni mwake njia nzima. Nilikuwa nataka sana ajue kwamba mimi ni Rajabu tu, mtoto wa Mbuya, nimepita hapa nikienda kula samaki. Lakini ningemwambia kwa lugha gani? Nilisukuma kimya mpaka barazani, wanawake wakawapokea, na mtoto akaingizwa ndani, mlango ukafungwa kwa komeo.